Asilimia 40 ya sufuria tupu

Aprili 8, 2019, Khartoum, Sudan. Alaa Salah, mwanafunzi wa miaka 22, kasimama juu ya paa la gari karibu na makao makuu ya jeshi: thobe jeupe, hereni za dhahabu za duara, kidole juu, anaghani shairi na umati unamwitikia "thawra!", yaani mapinduzi ya umma. Siku tatu baadaye Rais Omar al-Bashir akang'olewa baada ya miaka 30 ya utawala. Watu wakamwita binti yule kandaka, cheo cha malkia wa Kushi ya kale.

Ilipofika zamu ya kugawana vyeo, Baraza Kuu la Utawala, chombo cha wanajeshi na raia cha kuongoza nchi kipindi cha mpito, likapata wajumbe 11, wanawake 2. Azimio la Katiba la Agosti liliwaahidi wanawake asilimia 40, ila ya viti vya bunge la mpito, na bunge hilo halikuundwa hadi Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi, anaipindua serikali Oktoba 25, 2021. Asilimia 40 ya sufuria tupu.

Wapo wanaosema uchache wa wanawake haukuwa kikwazo cha mageuzi. Kikwazo ni bunduki. Jeshi lina makampuni yake, RSF, kikosi cha wanamgambo, ina dhahabu yake, na wote wawili walikuwa na sababu ya kuogopa kuulizwa juu ya mauaji ya waandamanaji ya Juni 3, 2019. Viti peke yake vingefanya nini hapo? Isitoshe, sheria ya uchaguzi ya 2008, enzi za Bashir huyo huyo, iliwatengea wanawake robo ya bunge. Mwaka uliofuata mwandishi Lubna Hussein akaburutwa mahakamani kwa kuvaa suruali. Wabunge wanawake walikuwapo, na viboko vilikuwapo.

Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali nusu. Nusu ya pili inanishinda, kwa sababu ya yale wanawake waliyokuwa wakiyadai. Walitaka ifutwe sheria ya "utulivu wa umma", ile iliyowapa polisi nguvu ya kuwasumbua mama chai hadi kuwabebea birika na vigoda vyao. Ikafutwa Novemba 2019. Walitaka pia waliobaka na kuua Juni 3 wafikishwe mahakamani. Hilo la pili ndilo majenerali hawakutaka hata kulisikia, na wanasiasa wa kiraia wakakubali lisubiri. Kwa hiyo aliyewaweka wanawake kando aliwapunguzia majenerali kelele. Oktoba 2019 Alaa mwenyewe alilieleza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa jinsi walivyosukumwa pembeni. Mei 2021 Aisha Musa, mmoja wa wale wanawake wawili wa Baraza Kuu la Utawala, akajiuzulu akilalamika kwamba raia ndani ya Baraza hilo hawasikilizwi. Miezi mitano baadaye, mapinduzi.

Vita kati ya jeshi na RSF vilipozuka Aprili 2023, majirani walianzisha takaya, majiko ya mtaa, na wanawake wengi wakashika miiko humo kulisha waliokwama. Mwezi uliofuata mazungumzo yakafunguliwa Jeddah. Walioitwa mezani ni jeshi na RSF.