Akaunti ya aliyeondoka: ifutwe leo au ifungwe kwanza?

Mtu wa mifumo akiacha kazi kwenye kampuni ya samaki hapa Mwanza, agizo la bosi huwa ni lile lile: futeni akaunti yake kwenye kanzidata (hifadhi ya taarifa za kampuni), leo leo. Fundi aliyebaki akisema ameifunga tu, hajaifuta, ananyooshewa kidole: mzembe huyu, au anamlinda mwenzake. Naona anaonewa.

Hoja ya bosi ina uzito. Akaunti iliyofungwa hufunguliwa kwa mstari mmoja na yeyote mwenye mamlaka ya msimamizi. Zikilimbikizana, baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa ya nani. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, kulinda taarifa za wateja si hiari tena.

Lakini tuangalie kufuta kunafanya nini hasa. Katika MySQL, programu ya kuendeshea kanzidata, amri ya DROP USER huondoa akaunti na ruhusa zake. Majedwali aliyoyaunda yanabaki. Trigga (amri zinazojiendesha zenyewe taarifa ikiingizwa au ikibadilishwa) na taratibu (programu ndogo zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata) alizoziandika nazo zinabaki, zikiwa bado na jina lake, na kwa kawaida huendeshwa kwa mamlaka ya jina hilo. Chukua ofisi inayopokea dagaa Mwaloni, Kirumba. Kila stakabadhi ikiingizwa, trigga inaongeza kilo kwenye jedwali la stoo. Aliyeiandika amefutwa jana jioni. Asubuhi karani anapima gunia la kwanza, anabonyeza kuhifadhi, mfumo unamrudishia kosa namba 1449: mtumiaji aliyetajwa hayupo. Stakabadhi haiingii kabisa, maana trigga ikishindwa, ingizo lote linakataliwa. Foleni kwenye mzani inarefuka, wenye mzigo hawalipwi. Akaunti hiyo ingefungwa kwa ACCOUNT LOCK, amri iliyopo tangu toleo la 5.7, trigga ingeendelea kufanya kazi huku mwenyewe akishindwa kuingia.

Kuanzia toleo la 8.0.22, MySQL hukataa kufuta akaunti ya namna hii, ila root, yaani msimamizi mkuu, kwa kawaida ana ruhusa ya kupita, kwa hiyo anaonyeshwa onyo tu. Na akiajiriwa mtu mpya akapewa jina lile lile, anarithi trigga na taratibu zote zilizoachwa yatima, bila yeyote kuamua hivyo. PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, ni kali zaidi: haifuti mpaka mali za mtumiaji zikabidhiwe kwa mwingine au ziondolewe, kanzidata moja baada ya nyingine.

Kinachonisumbua zaidi ni hiyo "leo leo". Kama aliyeondoka bado ameunganishwa, DROP USER haimtoi. Inangoja hadi muunganisho wake ukatike. Kufunga nako hakumtoi. Bosi anakwenda kulala akiamini mtu ametoka, kumbe bado anasoma bei za wateja, mpaka fundi atazame orodha ya miunganisho na kumkata kwa amri ya KILL. Tena MySQL inahesabu jina pamoja na mashine: 'asha'@'localhost' (akiwa kwenye seva yenyewe) na 'asha'@'%' (akitokea mashine yoyote) ni akaunti mbili. Ukifuta moja, nyingine inaingia kama kawaida.

Kwa hiyo fundi afunge leo, akate miunganisho, atafute jina hilo kwenye safu ya DEFINER (jina ambalo trigga au utaratibu umeandikishwa kwalo) ndani ya information_schema, orodha ya vitu vilivyomo kwenye kanzidata, abadilishe kila linapoonekana, ndipo afute. Ila tarehe ya kufuta iandikwe siku hiyo hiyo ya kufunga, na bosi aisaini. Pasipo tarehe, wanaodai akaunti ifutwe papo hapo wana haki ya kulalamika.