Uhuru wa Mfukoni na Uhuru wa Mtu: Truss, Carswell na Davis

Kila inapozungumzwa siasa ya ulibertari nchini Uingereza, yaani ile imani kwamba serikali itoze kidogo, iamuru kidogo na imwache raia aendeshe maisha yake, jina linalotajwa kwanza siku hizi ni la Liz Truss. Kwangu hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu kati ya wanasiasa watatu ninaotaka kuwalinganisha hapa, yeye ameutetea zaidi uhuru wa mfukoni, na hata huo aliutetea nusunusu.

Truss aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 6 Septemba 2022. Siku mbili baadaye alitangaza kwamba serikali itabeba sehemu ya gharama za nishati, ili kaya ya kawaida isilipe zaidi ya takriban pauni 2,500 kwa mwaka, kwa muda wa miaka miwili. Watu huikumbuka bajeti ndogo ya 23 Septemba, ambamo waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, alitangaza kupunguza kodi kwa pauni bilioni 45 bila kueleza pengo hilo lingezibwa na nini, lakini husahau kwamba ilikuwa imetanguliwa na ruzuku kubwa kiasi hicho. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba serikali ni kubwa mno angeanza kwa kupunguza matumizi, ndipo ashushe kodi. Truss aliongeza matumizi, akashusha kodi, na akataka wakopeshaji wanyamaze. Hawakunyamaza. Waliuza hati fungani za serikali, mifuko ya pensheni ikayumba, na tarehe 28 Septemba Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni kuzinunua. Kwarteng alifutwa kazi tarehe 14 Oktoba, mrithi wake Jeremy Hunt akayafuta karibu yote yaliyotangazwa, na Truss mwenyewe akatangaza kujiuzulu tarehe 20.

Hata hivyo, kosa la hesabu si hoja yangu kubwa. Katika kampeni ya kuwania uongozi wa chama chake cha Conservative majira ya joto ya mwaka huo huo, Truss aliahidi kuuendeleza na kuupanua mpango wa kuwapeleka Rwanda baadhi ya waomba hifadhi. Sielewi ni vipi serikali isiyoaminika kupanga kiwango cha kodi iaminike kumpakia mtu kwenye ndege na kumpeleka nchi ambayo hakuichagua. Kwa upande wake, nakiri kwamba Aprili 2024 alipiga kura ya kupinga muswada wa kuwazuia milele wote waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009 kuuziwa tumbaku, na hapo alikuwa mlibertari bila kigugumizi. Sigara, basi, ilipata mtetezi.

Douglas Carswell ni mtu wa aina nyingine, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kumtazama kwa makini zaidi. Alilelewa Uganda, ambako wazazi wake walikuwa madaktari, na amewahi kusema kwamba utawala wa Idi Amin, ambao amri ya mtu mmoja ilitosha kuwa sheria, ulichangia kumfanya aiogope dola. Mwaka 2014 alipohama Conservative kwenda UKIP, chama kilichotaka Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya, hakwenda na kiti chake mfukoni kama wahamaji wengi tunaowajua. Alijiuzulu ubunge na kurudi kwa wapiga kura wa Clacton, wakamchagua tena Oktoba. Mwaka uliofuata chama chake kilistahili takriban pauni 650,000 za umma kwa mwaka kwa ajili ya kazi za bunge, na yeye, akiwa mbunge pekee wa chama hicho aliyechaguliwa mwaka huo, alikataa kuzichukua kwa ukamilifu wake, wala hakukubali kuajiri wafanyakazi 15. Viongozi wenzake walikasirika sana. Kwa macho yangu, tukio hilo dogo lina uzito kuliko hotuba zote za Truss kuhusu ubadhirifu, kwa kuwa fedha alizozikataa zilikuwa zinakuja kwake.

Lakini anayesimama juu ya wote wawili ni David Davis. Tarehe 11 Juni 2008 Baraza la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa, lilipitisha, kwa kura 315 dhidi ya 306, pendekezo la serikali ya Labour la kuwaruhusu polisi kumshikilia mshukiwa wa ugaidi kwa siku 42 bila kumfungulia mashtaka. Davis alikuwa waziri kivuli wa mambo ya ndani, mtu aliyetarajiwa kuishika wizara hiyo yenyewe iwapo chama chake cha Conservative kingeshinda uchaguzi. Kesho yake alijiuzulu ubunge ili apiganie kiti chake upya kwa hoja hiyo. Labour na Liberal Democrats hawakusimamisha wagombea, akabaki kushindana na kundi la wagombea wadogo, magazeti yakamcheka, na ingawa alishinda kwa zaidi ya asilimia 70, nafasi yake ya waziri kivuli ilikwisha chukuliwa na mwingine. Oktoba mwaka huo Baraza la Malodi, lile la juu lisilochaguliwa, liliikataa hoja ya siku 42, na serikali ikaiacha.

Waliotarajiwa kushikiliwa chini ya sheria ile hawakuwa watu wenye kura nyingi katika jimbo lake la Haltemprice and Howden, na ndiyo maana nampa Davis nafasi ya kwanza. Kuutetea uhuru wa mlipa kodi ni kuutetea uhuru wa anayekupigia kura.

Si kwamba hana doa. Amewahi kuunga mkono kurejeshwa kwa adhabu ya kifo, na sijui mtu asiyeiamini dola kwa siku 42 anaiaminije kwa kitanzi. Halafu kuna kesi aliyoifungua pamoja na Tom Watson wa Labour, kupinga sheria ya mwaka 2014 iliyoruhusu kuhifadhiwa kwa taarifa za mawasiliano ya kila raia. Julai 2016 aliteuliwa kuwa waziri wa kusimamia kujitoa katika Umoja wa Ulaya, akaliondoa jina lake kwenye kesi hiyo. Desemba mwaka huo mahakama ya Umoja huo, huko Luxembourg, ilitoa uamuzi uliokubaliana na hoja alizozianzisha, wakati yeye akiwa ofisini anaandaa namna ya kuitoa Uingereza chini ya mamlaka ya mahakama hiyo hiyo.