Nitilie, usinipimie

Jumatano iliyopita nimelipa shilingi 2,500 kwa wali maharage uliotoka ndani ya kibakuli. Kibakuli chekundu cha plastiki, kidogo kuliko kile anachonywea uji mwanangu wa mwaka mmoja na nusu. Dada akakijaza, akapitisha mwiko juu kusawazisha, akakipindua katikati ya sahani, akagonga kitako mara mbili, ko, ko, akakiinua. Kikabaki kilima kimoja cha wali, kimesimama peke yake kama mawe ya Dodoma yanavyosimama kwenye tambarare, na pembeni maharage yanahesabika.

"Dada, niongezee kidogo."

"Kipimo ndiyo hicho kaka. Bosi kasema."

Kipimo! Nilikuja kula au nilikuja kununua mafuta ya taa?

Jamani, hawa wanawake wanaotuuzia chakula tunawaitaje? Mama ntilie. Jina lenyewe ni ombi: mama, nitilie. Sijasikia popote, toka Tanga nilikozaliwa hadi hapa Dodoma, mtu akiita "mama nipimie". Anayesimama mbele ya sufuria anaomba, mwenye upawa anaamua, na hapo katikati ndipo buku mbili yako inapopata au kukosa thamani. Mkono una macho. Unamwona kuli aliyeloa jasho, unamwona mwanachuo aliyeikunja noti yake mara nne, unamwona mteja wa kila siku. Kibakuli hakimwoni mtu.

Mama ninayekula kwake yuko nyuma ya soko la Majengo, benchi mbili na turubai lililotoboka. Siku ya kwanza nilimwamkia "Mbukwa, mama". Akacheka, kwa sababu Kigogo changu kinaishia hapo hapo na alijua. Lakini upawa ule wa kwanza ulishuka mzito, na haujapungua tangu siku hiyo. Salamu kwanza, bei baadaye. Vijana mnaofika mnaning'inia dirishani "wali nyama shi' ngapi?" huku macho yako kwenye simu, msishangae mkipewa robo sahani.

Halafu kuna suala la mchuzi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukisema tangu mwanzo "nitilie na mchuzi wa nyama", umeagiza wali nyama, lipa. Sema "wali maharage". Mwache atie wali, mwache atie maharage, mwache atie na mchicha. Akishainua sahani akupe, ndipo unasema taratibu, "na kamchuzi ka nyama, mama." Sahani iko hewani, upawa uko karibu, atakataa vipi? Mara moja moja upawa unapanda na kipande ambacho hakuna aliyekiomba. Mimi nakaa kimya.

Nyongeza ya wali nayo haiombwi mwanzoni. Kula mpaka wali ubaki vijiko vitatu na maharage bado yapo, rudisha sahani: "Mama, mboga imebaki peke yake." Hakuna mama ntilie mwenye roho yake timamu anayevumilia kuona mboga imekosa wali.

Msiniambie namtia hasara. Kilo ya mchele ikiiva inafika kilo mbili na nusu hivi, na ukiwa mchele wa zamani unavimba zaidi; ule mpya ndio unaogeuka bokoboko na kumwaibisha mtu. Tuseme kanunua kilo moja kwa shilingi 2,600. Nyongeza yangu ya upawa mmoja haifiki hata mia mbili. Kinachomla mama ni mkaa, mafuta na nyama. Anayebana wali anabana mahali ambapo hela haipo.

Na mama mwenyewe analijua hilo kuliko mimi. Aliniambia siku moja akipepeta mchele wa Bahi kwenye ungo, mawe yanaenda huku na chuya kule, kwamba utotoni kwao wali ulikuwa wa Krismasi. Siku nyingine ni ugali wa uwele na mlenda, basi. "Wali ni wa kumfurahisha mtu, mwanangu," akasema, akatupa kijiwe kwa kuku. Mtu aliyekua hivyo utampa kibakuli akifanyie nini?

Haya. Nakubali, shingo upande, kwamba mwanzoni mwa 2023 mchele ulipopita elfu tatu kwa kilo hata upawa wa mama ulipungua, na sikulalamika. Nakubali kwamba kibakuli kinamlinda mwenye biashara dhidi ya msichana wa kazi anayewajazia mabodaboda wake. Nakubali hata hili linaloniuma: mkono wenye macho una upendeleo, na mgeni asiyejua kuomba analala njaa kwa bei ile ile niliyoshibia mimi. Kibakuli kinatendea haki wote. Kinatunyima wote sawasawa.

Mengine mnayajua. Tekawei ni hasara, kontena la foili halina nyongeza. Soda nunua dukani. Wali nyama ni kulipa buku zaidi kwa vipande viwili, kimoja mfupa. Nyie wenye vitambulisho vya ofisi shingoni, vivueni kabla hamjakaa. Tangu serikali ihamie huku hiyo kamba ina bei yake kwenye kila kibanda.

Na nenda saa nane. Saa sita na nusu mama anawaza watu sitini wanaokuja. Saa nane anawaza sufuria. Wali hauhimili kulala na joto hili, naye hataki kuubeba hadi kwake Chang'ombe. Nyama itakuwa imekwisha, kweli, lakini ukoko upo, ule wa rangi ya kahawia uliokunywa mafuta yote ya chini, na ukoko kwa mama huyu hauuzwi. Unapewa, kiganjani, kwenye kipande cha gazeti, wakati anakutafutia chenji.

Kesho Jumatatu. Nafunga steshenari saa nane kasoro robo. Atakayenitangulia aniachie ukoko.