Dakika 27

Siku tatu kabla ya harusi ya mpwa wangu Lamu, nilikuwa nishawachosha watu wa baraza yetu hapa Malindi kwa hesabu. Kwa barabara hadi Mokowe, nikawaambia, ni zaidi ya kilomita 200: mpite Garsen, mpite Witu, vizuizini mtoe vitambulisho, na mkifika bado boti. Kwa angani ni kama kilomita 140 tu. Nusu saa!

"Shemeji," nikamwambia kaka wa mke wangu, "mkikaribia Witu mie nishakula pilau, nimelala."

Alfajiri akapanda basi na dadake, yaani mke wangu, aliyesema pesa ya mabawa hana.

Uwanjani wakapima begi langu, kisha wakanipima mimi. Ndege ndogo ile, propela moja, kila kilo ina pahala pake. Mshale wa mizani ukapanda, ukapanda, ukatua kwenye 112. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mashallah." Kijana wa mizani akaniuliza kama nina kitu mfukoni.

Ndege ya saa nne ikaja saa sita u nusu, maana ilikuwa ikitoka Nairobi na huko nako kulikuwa na mambo yake. Nikajipa moyo: nusu saa ni nusu saa.

Na kweli, huko juu raha. Mto Sabaki ukimwaga tope lake jekundu baharini, kisha vijito vya Tana vikijikunja kama uzi uliomponyoka fundi. Magurudumu yalipoacha lami nilitazama saa ya mkononi, na yalipogusa chini nikaitazama tena. Dakika 27! Hakuna aliyeniuliza.

Nikatoka nje kwa madaha, kanzu nyeupe, halua kilo mbili kwapani, nikasimama kungoja teksi. Abiria wenzangu wote walikuwa wakishuka kwa miguu upande mmoja, mizigo yao kwenye mkokoteni. Nikawahurumia. Maskini, hawana nauli.

Uwanja ukabaki mimi na punda mmoja. Nikampigia mpwa wangu mdogo. "Niko hapa nje, niletee bodaboda."

Kimya. Kisha nikasikia akiwaita wenzake wasikilize.

"Mjomba, hapo uko Manda. Ni kisiwa chengine. Huyo wa bodaboda aje akiogelea?"

Nikafika gatini mbio, maji yametoka, ngazi za chini zina ukoga wa kijani. Nahodha akaninyoshea mkono: "Lete kwanza mzigo, mzee." Halua nimpe mtu nisiyemjua? Mguu mmoja ukaingia botini, mwengine ukabaki ngazini, na boti ikaona wakati huo ndio wa kusogea. Kilo 112 zikaenda chini. Halua peke yake ndiyo iliyosalimika. Nilikuwa nimeinyanyua juu kama bendera.

Tulipofika Lamu mjini, shemeji alikuwa kwenye baraza la ufukweni, ameshaoga, kikoi kipya, kikombe cha kahawa mkononi. Mke wangu akaitazama kanzu iliyonata mwilini, akaichukua halua, asiseme neno.

"Safari ilikuwa muda gani, shemeji?" akauliza yule bwana.

"Dakika 27," nikajibu. "Niliihesabu kwa saa hii."

Nikamwonyesha. Ilikuwa imeingia maji, na mpaka leo imesimama saa saba na dakika 40.