Kulowa Ndani ya Maji

Juzi nilikuwa nikimsaidia mpwa wangu kujiandaa kwa mtihani wa biolojia, hapa nyumbani Majengo, naye akachora seli kama wanavyoichora wanafunzi wote: duara, kiini katikati, na vishale vya kinachoingia na kinachotoka. Nikamuuliza ni nini kinacholipa duara lile umbo lake. "Si utando, mjomba? Ndio ukuta wake," akajibu bila kusita. Neno hilo "ukuta" ndilo ninalotaka kulipinga. Utando wa seli una tabia ya kitambaa kuliko ya ukuta, na kimiminika kilichomo ndani yake, ambacho vitabu vya shule hukichukulia kama ujazo tu, kinaweza kuukunja na kuubana kiuno.

Ushahidi ninaouegemea ulianza kwenye vifuko vya lipidi, yaani mafuta ya aina ileile inayounda utando wa seli, vinavyotengenezwa maabarani, hasa katika kazi ya Reinhard Lipowsky, Rumiana Dimova na wenzao wa Taasisi ya Max Planck iliyoko Potsdam, Ujerumani. Kifuko kimoja huwa na upana wa makumi ya mikromita, ilhali utando wake una unene wa nanomita 4 hadi 5 tu. Ndani yake hutiwa myeyusho wa polima mbili, yaani molekuli ndefu kama minyororo, dekstrani na polietileni glaikoli, ambayo wenye maabara huiita PEG kwa kifupi. Si vitu vya ajabu: PEG imo katika dawa za kulainisha choo, na dekstrani hutengenezwa na bakteria wanaokula sukari, hata katika miwa iliyokatwa ikachelewa kukamuliwa, jambo ambalo muuza juisi wa Marikiti huenda analitimiza kila siku bila kujua.

Kila moja ya polima hizo hupatana na maji, lakini zikizidi kiasi fulani hazipatani zenyewe kwa zenyewe, na myeyusho hugawanyika pande mbili, moja yenye PEG nyingi na nyingine yenye dekstrani nyingi. Martinus Beijerinck aliona mfarakano wa aina hii mwaka 1896 alipochanganya jelatini na agari. Najua msomaji wa Pwani atakimbilia mfano wa tui lililolala hadi krimu ikapanda juu, lakini hautufai sana, kwa sababu kwenye tui ni mafuta yanayoachana na maji, na hapa pande zote mbili ni maji kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana mvutano katika mpaka wao ni hafifu mno: ule wa maji na hewa ni milinyutoni 72 kwa mita, na huu huweza kupungua chini ya hapo mara elfu kadhaa.

Wanasayansi husema kwamba upande mmoja "unalowesha" utando, yaani unaushika na kutandaa juu yake, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa kitu kilichozama majini kitaloweshwaje tena? Mtazame mama anayeoga baharini na leso yake pale Nyali. Akiwa ndani ya maji, leso inapepea huku na huku kana kwamba haimhusu. Akitoka tu, inamganda miguuni. Leso ilikuwa imelowa tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni mpaka kati ya maji na hewa, na mpaka huo ndio unaoivuta.

Kifuko nacho ni vivyo hivyo. Kikiwekwa katika myeyusho mkali zaidi, maji hutoka kwa osmosi, polima hubaki, ukolezi hupanda, na ghafla mpaka huzaliwa ndani. Mwanzoni tone la dekstrani linaweza kukaa katikati bila kuugusa utando, kwa kuwa upande wa PEG umeulowesha wote. Ukolezi ukibadilika, tone hugusa, na pale mpaka unapokutana na utando kifuko huingia kiuno kama kibuyu. Chini ya hadubini mkunjo huo huonekana mkali kama wa karatasi, ingawa utando haukubali kuvunjika hivyo, na kwa kipimo cha nanomita hupinda taratibu. Utando unaobaki bila kazi baada ya maji kupungua nao huingia ndani ukawa vijirija vyembamba ajabu, kwa kuwa nyuso zake mbili zimekutana na miyeyusho tofauti, na hivyo unapendelea kupindia upande mmoja. Hakuna protini iliyoagiza chochote katika haya yote.

Sisemi kwamba protini hazina kazi. Ila tangu mwaka 2009, ilipoonyeshwa kwamba chembe fulani ndani ya kiinitete cha mnyoo hutiririka na kuungana kama matone, imekuwa vigumu kuyaita majaribio ya Potsdam mchezo wa maabara. Katika mbegu changa za Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii moja na sukuma wiki, matone ya protini za akiba huulowesha utando wa vakuoli, kifuko kinachoyahifadhi ndani ya seli, na kuukunja kwa mtindo uleule.

Kwenye karatasi ya mtihani nimemwambia mpwa wangu aandike kama alivyofundishwa, asije akapoteza alama kwa ajili yangu. Daftarini, lakini, achore matone mawili ndani ya duara, na pale mpaka wao unapougusa utando, aubonyeze kidogo kuelekea ndani.