REPLACE haisahihishi rekodi, inaifuta

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu na mweka hazina wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Mama mmoja alikuwa amekwenda kubadilisha namba ya simu. Karani akaibadilisha, na michango ya miaka minne ikatoweka. Jina la mama lipo, namba mpya ipo, salio sifuri.

Nilipofungua kodi (code) ya programu yao, inayohifadhi rekodi kwenye databesi ya MySQL, nikakuta amri REPLACE INTO wanachama.

Mstari huo umenikasirisha wiki nzima. Aliyeuandika alisoma neno la Kiingereza, replace, yaani badilisha, akadhani rekodi itarekebishwa palepale ilipo. MySQL haifanyi hivyo. Ikikuta ufunguo msingi au ufunguo wa kipekee (thamani isiyoruhusiwa kujirudia, kama namba ya uanachama) umegongana, inaifuta rekodi ya zamani, kisha inaingiza mpya. Jedwali la michango lilikuwa limefungwa kwenye la wanachama kwa ON DELETE CASCADE, sharti kwamba rekodi ikifutwa zinazoitegemea zifutwe pia, basi mzazi alipofutwa watoto wote wakaenda naye. Tarehe ya kujiunga, ambayo fomu ile haikuituma, ikabaki tupu. Na databesi haikutoa kosa lolote. Ilirudisha tu kwamba rekodi zilizoguswa ni 2 badala ya 1, na programu haikuwa ikisoma jibu hilo.

Mama huyo alikuwa mwanachama tayari, na karani alijua hivyo: alimtafuta kwa namba yake ya uanachama. Kazi hiyo ni ya UPDATE, amri ya kurekebisha rekodi iliyopo: safu (column) moja, basi. Mgeni anayejiandikisha ni INSERT, amri ya kuingiza rekodi mpya, na akijirudia acha kosa litokee, maana kosa hilo linakulinda. INSERT IGNORE siitaki kwa sababu hiyohiyo: inageuza kosa kuwa onyo, na onyo hupita bila kuonekana.

Pale ambapo kweli hujui kama rekodi ipo, mfano unapopokea faili kutoka tawi jingine, usianze na SELECT, yaani kuiuliza databesi kwanza, ndipo uamue, kwa sababu makarani wawili wanaweza kuuliza kwa wakati mmoja na wote wakajibiwa "haipo". Tumia INSERT ... ON DUPLICATE KEY UPDATE: inaingiza rekodi, na ikiwa ipo tayari inairekebisha palepale. Kwenye databesi nyingine kazi hiyo ni ya ON CONFLICT: PostgreSQL inayo tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, SQLite tangu 3.24 la 2018. Hapo unataja safu za kubadilisha, nyingine haziguswi.

Nakubali, REPLACE ina mahali pake: jedwali la muda lisilotegemewa na jedwali jingine, nawe unaleta safu zote kila mara. Kwenye fedha za watu, hapana.

Michango tuliirudisha kutoka kwenye bakapu ya Jumamosi usiku. Mchango wa Jumapili haukuwemo. Tuliunakili kutoka kwenye kitabu cha mama mwenyewe, kilichogongwa muhuri, alichokuja nacho amekifunga kwenye kanga. Tangu siku hiyo napitia kodi yote ya mfumo ule nikitafuta neno REPLACE. Nimeshalikuta mahali sita zaidi.