"Gari kubwa lije": kubwa kwa nani?

Moto ukishika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wakati wa kaskazi, agizo moja tu la kuita gari la zimamoto, "gari kubwa lije", linatosha kuvuruga kazi. Kwa zimamoto wa mjini Malindi, kubwa ni lile lenye pampu ya nguvu. Kwa askari wa misitu pale Gede, kubwa ni lile lenye maji mengi. Gari litafika bila kupotea njia, na huenda lisifae kitu.

Wamarekani walitenganisha mambo mawili: jina la gari, yaani ni la nani, na aina yake, yaani linaweza nini. Aina ni 1 hadi 7. Ya 1 na ya 2 ni za majumba. 3 hadi 7 ni za msitu na nyika. Asiyezoea hudhani 7 ndilo pandikizi la gari, kumbe ndilo dogo kuliko yote: tangi lake huanzia lita 190 hivi. Tena angalia viwango vya chini vya tangi. Aina 1 huruhusiwa kubeba lita 1,100 tu, kwa kuwa mjini hujaziwa maji kwenye bomba la mtaani, ila pampu yake lazima isukume lita 3,800 kwa dakika. Aina 3 hubeba 1,900 na kusukuma 570. Aina 4 ina maji zaidi, lita 2,800, lakini pampu ni ya 190 tu. Kwa hiyo anayeomba "namba moja" akidhani ndiyo bora ataletewa, ndani ya msitu usio na bomba, gari zito lenye maji kiduchu.

California huongeza herufi kwenye namba ya kundi la magari matano ya aina moja yenye kiongozi wao: A ni aina 1, C ni aina 3. Anayesikia C mwishoni hana haja ya kuuliza.

Wanaotaka mpango kama huu huku kwetu wana hoja nzito. Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, ina mikono mingi: Huduma ya Misitu, Huduma ya Wanyamapori, kaunti, na vijiji vinavyouzunguka msitu. Majina ya nyumbani, "lile jekundu", "la fulani", hufa mara wageni wanapofika kusaidia. Namba ya usajili nayo ni ndefu, na haisemi lita ngapi.

Wanaopinga hawakosei. Penye magari matatu, sauti ya dereva redioni yatosha kuwa jina. Na aina ya kuazima hugeuka pambo: gari likiandikwa 3 ilhali pampu yake imechoka, namba inasema uongo kwa rangi nzuri. Tena namba hiyo haijui mchanga wa njia za msituni.

Mimi naona tuchukue wazo, tuache jedwali. Ubavuni paandikwe jina fupi la kituo na namba ya gari, chini yake lita za tangi, lita za pampu kwa dakika na idadi ya watu. Pampu ipimwe kwa ndoo na saa kabla ya kupaka rangi. Kikosi cha miguu kitajwe kwa idadi na zana: ishirini wenye panga na reki si sawa na ishirini wenye matawi mabichi. Kwenye paa iwekwe namba hiyo hiyo, kubwa, kwa ajili ya ndege. Na 6 na 9 zisitumike pamoja: redio ikikwaruza, "sita" na "tisa" husikika kitu kimoja, na rubani anayekuja upande wa pili huzisoma kinyume.

Lamu mjini mjadala wa aina za magari hauna mashiko, maana gari la zimamoto halipenyi vichochoro vya Mkomani. Huko kinachopewa jina ni pampu ya kubeba, ya kunyonya maji ya bahari. Kwenye fremu yake ziandikwe mita za mpira wa kunyonyea na za mpira wa kurushia, kwa sababu maji yakipwa bahari huukimbia ukuta, na mpira mfupi hunyonya hewa.